Inji au sukku? Tangawizi mbili za Watamil

Kwa Watamil wa kusini mwa India, tangawizi mbichi na kavu si dawa moja. Mbichi ni inji, kavu ni sukku.

Inji ni ya tumbo: kichefuchefu, gesi, chakula kisichoshuka. Huparwa, hupondwa na kukamuliwa, kisha maji yake huachwa yatulie. Unga mweupe unaozama chini hutupwa. Ya juu huchanganywa na asali. Wenye haraka huiruka hatua ya kuyatuliza.

Sukku ni ya mafua na kikohozi. Hukwanguliwa ganda, hutwangwa na pilipili manga na mbegu za giligilani, ikachemshwa kwa sukari guru ya mti wa mvumo. Huitwa kahawa ya sukku, ingawa mara nyingi haina hata punje ya kahawa! Inawasha kuliko mbichi, na si dhana tu: tangawizi ikikauka, sehemu ya jinjeroli yake, kemikali inayoifanya iwashe, hugeuka shogaoli, iliyo kali zaidi.

Kifua kikibana, mimi nachagua sukku. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwone daktari kwanza, iwe mbichi au kavu.