Cöln ya Scapa Flow: baridi kali, lakini nitarudi

Kama ulijifunzia kupiga mbizi Mnemba kama mimi, ambako kivazi chembamba cha mpira kinatosha, Scapa Flow itakutia adabu. Ni ghuba ya visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Boti zinaondokea Stromness, na hata Agosti maji ni ya nyuzi 13 au 14 tu.

Niliyoifuata ni Cöln, manowari ya Kijerumani yenye urefu wa mita 155. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walizishikilia humo meli 74 za Wajerumani. Tarehe 21 Juni 1919, Admirali Ludwig von Reuter aliamuru mabaharia wake wazitose wenyewe, na 52 zikazama. (Ndivyo ilivyoishia pia Königsberg, manowari nyingine ya Kijerumani, kule Rufiji mwaka 1915, ingawa ile ilishachakazwa kwa mizinga kwanza.) Nyingi ziliibuliwa baadaye zikauzwa chuma chakavu. Cöln ilibaki.

Imelalia ubavu wa kulia, kwa hiyo ukishuka na kamba ya boya unaufikia ubavu wa juu mapema, ilhali chini kabisa ni kama mita 35. Sitaha imesimama wima mithili ya ukuta. Inachanganya akili mwanzoni, lakini ukishazoea unatambua chumba cha chuma kinene cha kuongozea meli, milingoti, na kila mahali matumbawe laini na anemoni. Maji ni ya kijani na huoni mbali. Mimi sikujali, maana meli inajitokeza kipande kwa kipande.

Boti yenyewe naisifu. Maelezo kabla ya kushuka yalikuwa na mchoro wa meli, na kuna lifti ya kukupandisha na mitungi yako mgongoni. Supu ya moto ilikuwa tayari kila tulipotoka. Tatizo lilikuwa nguo kavu ya kukodi, yaani vazi la kuzamia lisiloingiza maji: mpira wa shingoni ulilegea na maji yakapenya hadi kifuani. Ijaribuni ufukweni kabla hamjalipa.

Anayeanza asiende. Pata kwanza cheti cha kina kirefu na mazoezi ya nguo kavu. Manowari kubwa kama Markgraf zimepinduka chali na ziko chini zaidi. Anza na Cöln. Royal Oak ya Waingereza, iliyozamishwa Oktoba 1939 wakafa watu zaidi ya 800, ni kaburi na hairuhusiwi kuzamiwa, hivyo usimsumbue nahodha kwa kumwomba.

Nyota nne kati ya tano. Moja imekwenda na ile shingo.