Unga wa sumaku wa kuvuta dawa kutoka kwenye sampuli ya damu, nimeutumia miezi mitatu

Aisee kama bado unahangaika na katriji (vile vichujio vya kunasa dawa kwenye sampuli) na pampu ya vakyumu soma hapa. Huu unga ni chembe za magnetaiti, yaani oksaidi ya chuma Fe3O4, zimevikwa silika na juu yake C18 (minyororo ya kaboni 18 inayonasa dawa), na ni ndogo kiasi kwamba ukiondoa sumaku nje ya chupa zinasambaa tena zenyewe hazibaki zimeng'ang'aniana. Mimi napima kabamazepini, ile dawa ya kifafa, kwenye plazma (majimaji ya damu bila seli), kiwango kinachotakiwa ni mikrogramu 4 mpaka 12 kwa mililita so ukikosea kidogo tu daktari anaongeza dozi bure.

Kazi yenyewe rahisi, unatoa protini kwanza (usiruke hapo jamani, protini zinaziba uso wa chembe), unatia unga, unatikisa, unaweka sumaku pembeni maji meusi yanakuwa meupe huku unaangalia, unamwaga, unaosha, unashusha dawa kutoka kwenye chembe kwa methanoli kidogo halafu HPLC, ile mashine ya kutenganisha na kupima dawa. Katriji kuziba nimesahau kabisa.

Sasa kilichoniudhi. Chupa ya pili ilikuja imekauka, mabonge matupu, hata kwenye sonikata (mashine ya kutikisa kwa mawimbi ya sauti) hayakuachia, na muuzaji nikimpigia ananiambia nitikise zaidi 😒 Na asidi kali usiiguse, inayeyusha chuma chenyewe.

Bei imechangamka ila naosha natumia tena. Nyota nne, ya tano kanyang'anywa muuzaji.