Taa za dari: usiingizwe mjini na "rangi tatu"

Sebuleni kwangu kuna taa sita za duara zilizozama kwenye jipsamu, na tangu Machi hazijawahi kukubaliana. Nikiwasha, nne zinatoka nyeupe, moja njano, ya sita inabaki katikati kama maji ya mchele. Shangazi alipokuja aliuliza kama fundi bado anatudai.

Ni zile za "rangi tatu". Ukizima na kuwasha haraka, rangi inahama. Pale Kariakoo muuzaji alinijaribishia moja, ta, ta, ta: "Dada, ukichoka nyeupe unabadili tu." Nikabeba sita. Alichonyamazia ni kwamba kila taa inajihesabia yenyewe. Umeme ukicheza nusu sekunde, na mnajua unavyocheza, moja inadhani umebonyeza swichi, ya pembeni yake wala haijashtuka. Kuanzia hapo kila moja na lwake. Kuna ambazo zikikaa zimezimwa kwa muda hurudi rangi ya mwanzo. Zangu zinakumbuka zilipoishia, na huo ndio wendawazimu wenyewe. Usiku mmoja nilisinzia sebuleni na njano. Saa nane usiku umeme ukacheza, nikaamshwa na weupe wa chumba cha upasuaji.

Nikamsimulia mwenzangu kazini, dada wa Guangzhou, China. Rangi hakuijali kwanza. Aliuliza: taa iko juu ya kitanda? Na boriti je?

Ndivyo nilivyoingia kwenye feng shui, mila ya Kichina ya kupanga makazi. Maana yake ni upepo na maji. Maelezo ya zamani yananasibishwa na Guo Pu, aliyefariki mwaka 324: qi, yaani pumzi ya uhai, hutawanywa na upepo na hutulia ikikutana na maji. Yeye alikuwa anazungumzia mahali pa kuzikia wafu. Mambo ya sebule na vitanda yamekuja nyuma yake. Kwa dari, wanachokataza zaidi ni kitu kizito kumkandamiza aliyelala: boriti iliyo wazi, taa kubwa ya kuning'inia. Boriti wanashauri uifunike kwa dari ya pili, kitu ambacho mafundi wetu wa jipsamu wanakifanya kila siku bila kujua qi ni nini. Na chumba cha kulala ni cha yin, utulivu, kwa hiyo mwanga uwe laini.

Wanakataza pia feni juu ya kitanda, eti mapanga yanakata qi. Hapo samahani. Mwezi wa Februari, Dar es Salaam, pangaboi langu halisogei hata inchi. Ila nimegundua kitu: ukiweka spotilaiti juu ya usawa wa mapanga, mwanga unakatwakatwa na chumba kizima kinapepesa. Labda ndicho walichokiona.

Sasa ununue nini. Wati hazinisumbui, duka lolote watakwambia. Mimi naangalia namba ya Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, kwenye boksi, na iwe namba MOJA. 2700 au 3000 ni njano ya kulalia, 4000 iko katikati, 6500 ni nyeupe ya ofisini. Boksi lenye namba tatu lirudishe kwenye rafu. Usiamini macho dukani, maana taa hamsini zinawaka kwa pamoja na hata jua lingeonekana hafifu.

Ya kwanza kwangu, na sijifichi, ni kava la kawaida la kubandika darini lenye soketi ya kuskrubu, halafu balbu za Philips za Kelvini 3000. Balbu ikifa unapanda kwenye stuli unabadilisha mwenyewe. Philips wako kwenye taa tangu 1891, na namba za boksi lao sijawahi kuzikuta zinadanganya. Lakini hata wao wana balbu ya kubadilika kwa swichi, inaitwa SceneSwitch. Iacheni hapo hapo.

Ya pili ni spotilaiti za rangi moja, zipangwe pembeni ya chumba, si juu ya mto. Nunua mbili za akiba siku hiyo hiyo, kwa sababu mwakani hazitakuwepo.

Mkanda wa LED ndani ya ngazi ya jipsamu unapendeza na unanyanyua dari fupi kwa macho. Mwambie fundi aache tundu la kufikia draiva, kile kiboksi kinachoulisha mkanda umeme. Wangu aliifungia ndani kama hazina ya Wajerumani.

Shandelia, ile taa kubwa ya kuning'inia, kwangu ni ya mwisho. Ukiing'ang'ania, iwe juu ya meza ya chakula, na ishikwe na mbao au zege. Jipsamu peke yake haibebi.

Zile za mbili kwa elfu tatu? Chooni.

Kuhusu kurudisha: nilirudi na boksi na risiti ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Nikaambiwa taa ikishapanda darini hairudi. Kwa hiyo ningejuaje bila kuipandisha? Wakati nabishana, mteja mwingine alikuwa anatajiwa taa ile ile kwa bei pungufu ya niliyolipa mimi. Kumbe mimi nilivaa kiofisi siku ile.

Jumamosi fundi amekuja kufunga za rangi moja. Matundu ya zamani ni sentimita 15, taa mpya zinataka 12 na nusu. Pimeni matundu kabla ya kwenda dukani. Tumenunua ubao mzima wa jipsamu kuziba pete sita, na kipande kilichobaki nimekisukumia chini ya kitanda. Mwenzangu anasema feng shui haitaki kitu chini ya kitanda pia.