Kondishena, dawa ya kulainisha nguo au maji ya moto: kipi kinatuliza nywele timutimu za My Little Pony?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo mezani nina farasi watatu wa kuchezea wa My Little Pony wa kizazi cha kwanza, wale ambao kampuni ya Hasbro ilianza kuwatoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wote watatu nywele zao ziko timutimu. Huyu wa waridi ni Cotton Candy, mmoja wa wale sita wa mwanzo kabisa. Hebu nimsogeze karibu na kamera muone mkia. Hapa kwenye shina nywele zimenyooka na bado zinang'aa. Tukishuka katikati zinaanza kujikunjakunja, na huku nchani zimekauka, rangi imefifia, nikizipitisha vidoleni zinakwaruza.

Swali mnaloniuliza kila siku ni: tupake nini? Kwa hiyo nimeleta kondishena ya nywele, dawa ya kulainisha nguo na sprei ya kung'arisha nywele za bandia, tuvijaribu kimoja kimoja. Ila kwanza tuelewane jambo moja. Hizi ni nyuzi za nailoni. Hazina mzizi, hazina mafuta yake ya asili, na hazihitaji lishe yoyote. Chupa ikiandikwa kwamba inarutubisha unywele kutoka ndani, kwa farasi huyu ahadi hiyo haipo. Zinachakaa kwa kusuguliwa, kuvutwa na kuchanwa kwa nguvu zikiwa kavu, kisha zinabaki na mikunjo ileile kwa miaka.

Tuanze na kondishena. Nimechagua ya kawaida yenye silikoni, ile inayoandikwa dimethikoni kwenye orodha ya viambato. Mkia nimeuosha kwa sabuni laini ya maji, nikapaka kondishena, nikaanza kuchana kutoka nchani kwenda juu. Hapa naisifu kwa moyo wote: kitana kinapita. Mafundo yaliyokuwa yamekazana yanaachia bila kukatika nywele, na kwa farasi wa umri huu kila unywele una thamani, maana ukitoka haurudi. Lakini tazameni mkia ulipokauka. Ni laini, umechambuka vizuri, na mawimbi yapo palepale. Kondishena imefungua mafundo. Kunyoosha haijanyoosha.

Dawa ya kulainisha nguo inapendwa sana na wakusanyaji, na sababu ipo. Imetengenezwa kwa ajili ya nyuzi za nguo, nyingi zikiwa za viwandani kama hizi, na inapunguza ule umeme tuli unaofanya nywele zisimame zikigusana. Nimeichanganya na maji mengi, nikaloweka mkia kidogo, nikausuuza. Matokeo yake siku ya kwanza yanavutia kuliko ya kondishena. Tatizo ni kusuuza. Ikibaki kidogo tu, nywele zinanata, zinashika vumbi, na harufu haitoki kwenye plastiki ya mwili. Mkiitumia, suuzeni mpaka maji yawe safi kabisa, halafu mrudie.

Sprei sitaizungumzia sana. Inang'arisha kwa ajili ya picha, basi. Na mafuta ya aina yoyote, jamani, tafadhali msipake: yanakaa juu, yanakusanya uchafu, na mwili wa farasi ni plastiki laini ya PVC ambayo haipatani na mafuta.

Sasa maji ya moto. Hiki ndicho kilichobadilisha mkia huu, na hakiuzwi kwenye chupa. Nailoni ikipata joto inalegea, ikipoa inashika umbo uliyoiacha nalo. Haihitaji moto mkali. Maji yaliyochemka yakaachwa yatulie kidogo yanatosha. Ninamshika farasi wima, mkia unaning'inia ndani ya kikombe cha maji, mwili wote uko nje. Nautoa, nauchana ungali moto kwa kitana cha chuma chenye meno yaliyoachana, kisha naumwagia maji baridi huku nikiwa nimeunyoosha kwa mkono. Mmeona? Yale mawimbi ya katikati yamelala. Za shingoni ninainamisha kichwa pembeni ili maji yateremke kuelekea nchani, yasirudi kwenye matundu ya nywele wala kwenye macho yaliyopakwa rangi.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Farasi wa kizazi cha kwanza wengi wana kipande cha chuma ndani kinachoshika mkia. Maji yakiingia tumboni, chuma kinaota kutu, na kutu inapanda kwenye shina la mkia kama doa la kahawia. Ndiyo maana simzamishi farasi mzima. Nikimaliza nafunika shina kwa tishu, naukamua mkia, namning'iniza mkia ukiwa chini mpaka akauke kabisa. Hakuna kikausha nywele.

Kama farasi wako alitoka kiwandani na mkia wa kujisokota, maji ya moto yataufuta msokoto. Uzungusheni mkia kwenye mrija kabla ya kuumwagia maji, muufunge, muuache upoe na kukauka hapohapo.

Pasi ya nywele? Mimi siipendekezi kwa farasi wa zamani. Wapo wanaoitumia kwa joto la chini na matokeo ni mazuri, lakini joto likizidi, nyuzi zinashikana na kuwa bapa, na hakuna dawa ya hapo.

Kwa hiyo chaguo langu: kondishena ya kuchambulia mafundo, maji ya moto ya kunyooshea, na dawa ya nguo pale tu umeme tuli unaposumbua. Na hizi ncha zinazokwaruza, bado zipo, mnaziona. Uzi ulioungua au kuchanika hauponi kwa chochote nilichoweka mezani leo. Nitazipunguza kidogo kwa mkasi mkali, ncha moja moja, wala sitakata mkia kwa mstari mmoja, kwa sababu urefu wake wa asili ni sehemu ya thamani ya Cotton Candy. Wako akiwa ameungua mpaka kwenye shina, mwekeeni nywele mpya za nailoni, na zile za zamani mzihifadhi pembeni.