Kapsuli za unga wa manjano (kiungo) na pilipili manga kwa mzee mwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu: uzoefu wangu, Kigoma

Nyota 2 kati ya 5. Hizo mbili ni za kopo lililofungwa vizuri na kapsuli zisizo na ukungu. Hapa Kigoma mjini kopo la kapsuli 60 wanauziwa watu wanaouguza wazazi, kwa maneno kwamba "huondoa inflamesheni ya ubongo na kurudisha kumbukumbu".

Neno inflamesheni, yaani mwako wa kinga ya mwili, halikutungwa. Kwenye Alzheimer, seli za ulinzi wa ubongo ziitwazo mikroglia huzingira mabonge ya protini ya amiloidi, na zikipambana muda mrefu humwaga kemikali kama TNF-alfa zinazoumiza seli za neva za jirani. Kurkumini, ambayo ndiyo rangi yenyewe ya manjano, hupunguza kemikali hizo kwenye seli za maabara na kwenye panya. Ila geuza kopo usome nyuma.

Lebo inasema 500 mg za unga wa manjano. Ni unga, si kurkumini iliyochujwa. Unga wa kawaida una kurkumini kama asilimia 3, yaani takriban 15 mg kwa kapsuli. Mbili kwa siku ni 30. Sasa linganisha: jaribio la California lililochapishwa 2012 liliwapa wagonjwa wa Alzheimer gramu 2 au 4 za kurkumini kila siku kwa wiki 24, na hawakuwazidi waliopewa vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani. Kupata gramu 2 kwa kopo hili ungemeza kapsuli zaidi ya 130 kwa siku. Wauzaji hupenda kutaja utafiti wa UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) wa 2018 ulioonyesha kumbukumbu kuimarika, lakini washiriki wale 40 hawakuwa na demensia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili, kama Alzheimer), na walitumia kurkumini iliyotengenezwa maalumu ili ifyonzwe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pilipili manga. Piperini, kemikali inayoipa ukali, huzuia ini na utumbo kuivunja kurkumini haraka. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha 20 mg za piperini zikiongeza ufyonzwaji takriban mara 20. Lakini haichagui: huzuia hata dawa nyingine zisivunjwe. Mzee anayetumia fenitoini ya kifafa au propranololi ya presha anaweza kupata dawa nyingi damuni kwa dozi ileile: kusinzia, kuyumba, mapigo ya moyo kushuka. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse kabisa, wala mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo. Macho yakigeuka njano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha siku hiyohiyo uende hospitali, maana ini linaweza kuumia. Lebo haitaji lolote kati ya haya, wala kiasi cha piperini.

Ukishanunua na daktari hana pingamizi, mpe pamoja na chakula chenye mafuta. Kurkumini haiyeyuki kwenye maji: fungua kapsuli kwenye glasi uone unga unavyotuama chini. Mchuzi wa mgebuka wenye mawese unafaa kuliko chai kavu. Mzee anayepaliwa usimlazimishe kapsuli nzima. Changanya unga kwenye uji mzito.

Unga ukimwagika kwenye shuka kisha ukafua kwa sabuni, doa hugeuka jekundu kama damu. Ni kurkumini inavyobadilika ikikutana na sabuni. Suuza, anika juani, litafifia.

Usikimbilie unga wa kupima wenye njano kali isiyo ya kawaida. Kuna nchi, Bangladesh mojawapo, ambako manjano ilibainika kutiwa kromati ya risasi ili ing'ae, na risasi ni sumu ya ubongo. Nunua vipande vizima sokoni, vioshe, vikaushe, usage mwenyewe kwa ajili ya mchuzi. Pesa ya kopo ipeleke kwanza kwenye vipimo vya presha, sukari, vitamini B12, tezi ya shingo na kaswende, kwa sababu usahaulifu unaotokana na baadhi ya hayo hutibika.