Jeki za haidroliki za kurudishia behewa relini: tathmini baada ya kazi moja Changamwe

Behewa letu bapa, likiwa na kontena juu yake, liliacha reli kwenye swichi (mahali njia zinapogawanyika) ya njia ya ndani ya bohari huko Changamwe, na kwa kuwa ukuta ulikuwa upande mmoja na paa la ghala upande wa pili, kreni haikuwa na pa kusimama. Tuliamua kukodi seti ya haidroliki kutoka kampuni moja ya vifaa vizito hapa Mombasa.

Seti hiyo ina jeki mbili, boriti ya aloi ya alumini yenye vigari vinavyotembea juu yake, pistoni ya kusukuma kwa upande, pampu ya dizeli, na meza ya vali inayomwezesha mtu mmoja kuendesha kila kitu akiwa amekaa mbali na mzigo. Udogo wake unadanganya. Kwa shinikizo la bar 700, pistoni yenye eneo la sentimita za mraba 100 inatoa nguvu ya kuinua takriban tani 70, ilhali vipande vya boriti vilibebwa na watu wawili. Boriti hulazwa kukingama njia, kwa hiyo inafaa reli ya zamani yenye upana wa mita 1 sawasawa na reli mpya ya SGR yenye milimita 1,435.

Baada ya kutia kabari kwenye magurudumu yaliyobaki relini na kuifunga bogi, yaani fremu ya magurudumu iliyo chini ya behewa, kwa minyororo ili inyanyuke pamoja na behewa, tuliinua polepole, tukiongeza mbao chini ya mzigo kadiri ulivyopanda, hadi kingo za magurudumu zilipopita kichwa cha reli. Hapo boriti iliingizwa, mzigo ukashushwa juu ya vigari, kisha pistoni ya pembeni ikaanza kusukuma. Sehemu hii ndiyo iliyonivutia zaidi: bogi ilisogea kidogo kidogo bila kutikisika, na fundi aliweza kuisimamisha popote alipotaka. Aliyewahi kuona behewa likiburutwa kwa injini juu ya vipandio vya chuma, mataruma yanayobeba reli yakipasuka, ataelewa kwa nini nilifurahi.

Lawama yangu ni kwa huduma. Mbao walizoleta zilikuwa chache na mbili zilikuwa zimeoza, ilhali kokoto za njia pekee haziwezi kubeba jeki. Jeki ya kwanza ilianza kuinama, tukalazimika kushusha kila kitu na kutafuta mataruma ya akiba, jua la kaskazi likiwa utosini. Isitoshe, fimbo ya jeki moja ilikuwa na madoa ya kutu, jambo ambalo katika hewa yetu ya chumvi halishangazi, lakini kutu hiyo hukwaruza sili, yaani pete za kuzuia mafuta, na mafuta huanza kuvuja. Kwa bahati vali za usalama zilishikilia mzigo vizuri kila pampu iliposimama.

Nitaikodi tena kwa sababu ya kifaa chenyewe, ila mbao nitakuja na zangu, na fimbo nitazikagua kabla ya kutia sahihi. Tulipoirudisha, kijana aliyeipokea alianza kukunja mipira ya mafuta bila kuziba viungio vyake, palepale kwenye mchanga. Nilimwomba vifuniko, nikavifunga mwenyewe.