TAHADHARI: "Pakiti kamili" ya mjusi wa ndevu na wadudu wake, msitume pesa

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, hasa nyie ambao watoto wamewaganda wakitaka mjusi wa ndevu (bearded dragon) kama wa rafiki yao wa shule, someni hii kabla hamjatuma hata senti.

Kuna mtu anauza kwenye magrupu yetu ya Kiswahili kitu anachokiita "pakiti kamili": mjusi mchanga pamoja na chakula chake cha mwezi mzima, dola 140, malipo kwa Zelle tu (ile huduma ya kutumiana pesa moja kwa moja kutoka benki). Jina simtaji, maana analotumia si lake na analibadilisha. Anaandika Kiswahili kilichonyooka, anakuita kaka au dada, anakuuliza kwenu mkoa gani. Hapo ndipo nilipoingizwa mkenge. Nikajiambia, kama ni hela, bora zimfae mtu wa nyumbani.

Nipo Columbus, Ohio, na mwanangu ana miaka 11. Tuliahidiwa mjusi wa wiki nane. Aliyefika, mwezi Juni, tulimpima kwa rula: sentimita 11 kuanzia puani hadi ncha ya mkia. Mjusi huyu akitoka kwenye yai huwa na kama sentimita 10, kwa hiyo fanyeni hesabu wenyewe. Mtoto akamwita Babu kwa ajili ya ndevu ambazo hata hazijaota.

Umri ningeweza kumsamehe. Nisichomsamehe ni vikopo vya chakula.

Makubaliano yalikuwa nyenje wadogo 500. Badala yake zikaja kopo mbili. Nilipouliza, akajibu kwamba mashamba ya nyenje yameingiliwa na kirusi. Kirusi hicho kipo kweli na kiliwahi kufunga mashamba huku, ndiyo maana nilimwamini. Lakini siku hiyo hiyo duka la wanyama karibu na kwangu lilikuwa na nyenje wa kila saizi.

Kopo la kwanza lilikuwa na funza wa Zophobas, wale wa rangi ya kahawia wenye vichwa vyeusi, "wa kukuza haraka". Mwingine alifika sentimita 5. Ukitoa mkia, kiwiliwili cha Babu hakikufika hapo. Tukampa mmoja kama tulivyoelekezwa, akajitahidi mpaka akammeza. Kesho yake hakula. Tumbo likajaa, siku nne hakuna choo, analala tu kwenye kona ya tangi na macho kayafumba. Daktari wa reptilia alimpiga picha ya eksirei, kisha akaomba tumwonyeshe chakula. Akamlaza funza mmoja mezani ubavuni mwa mjusi, akanitazama bila kusema neno. Jamani, niliona aibu. Ni kama kumpa mtoto wa miezi sita muhogo mzima.

Kudungwa maji chini ya ngozi, kuogeshwa maji vuguvugu, dola 235. Alipona. Daktari alisema ubaridi nao ulichangia, kwa sababu muuzaji alituambia balbu ya kawaida inatosha. Mjusi huyu asili yake ni Australia, anasaga chakula kwa joto: mahali pake pa kuota jua panatakiwa kukaribia nyuzi 40 za Selsiasi, na juu yake iwepo taa ya UVB, yaani ya mionzi kama ya jua.

Kanuni aliyotupa daktari ndiyo nawaomba muishike: mdudu asizidi urefu wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Kwa huyu mchanga ni nyenje wa robo inchi au chini ya hapo, yaani punje ya mchele. Vitoto vya mende wa dubia vya saizi hiyo vinafaa pia, tena havinuki, havipigi kelele na havipandi kioo. (Mlioko Florida, dubia kwenu haruhusiwi bila kibali, na wauzaji makini hawamtumi huko. Huyu wetu anatangaza "majimbo yote".) Mchanga hula wadudu mara mbili tatu au zaidi kwa siku, kadiri atakavyoweza ndani ya dakika 10 hadi 15. Nyenje waliobaki watoeni, usiku humng'ata vidole. Funza wa unga wana ganda gumu kwa tumbo la mchanga, na wale wa nta ni mafuta matupu.

Kopo la pili sasa. Liliandikwa "wadudu mchanganyiko, lishe asilia". Nilimwaga kwenye karai jeupe: nondo, mbawakavu, panzi, wengi wamekufa, mbawa zimekatika. Hao hawajafugwa popote. Mtu kawasha taa nje usiku, kawakusanya waliofuata mwanga. Wadudu wa nje huja na minyoo na dawa za kunyunyizia majani, hilo peke yake lingetosha kuwatupa.

Mwanangu akainama karibu, akasema, "Baba, huyu ni kimulimuli." Mweusi, mbawa zina ukingo wa njano, kichwani kofia ya waridi, ncha ya tumbo imepauka. Anawajua, kila Juni anawakimbiza uani. Walikuwa watatu.

Kwetu kimulimuli ni mchezo wa watoto. Kwa mjusi wa ndevu, vimulimuli wa Marekani ni sumu ya moyo, inafanana na ya chura, na mmoja tu anaweza kumuua ndani ya saa chache. Huko Australia alikotoka babu yake hakuwahi kukutana nao, kwa hiyo hajui kutema. Anaona kitu kinatembea, anameza. Kama ningeanza na kopo hilo badala ya lile la funza, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Halafu kuna kipakiti cha "kalsiamu". Nyenje na mende wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, ndiyo maana wanapakwa unga wa kalsiamu kabla ya kuliwa. Bila hivyo mifupa ya mjusi inalainika, taya na miguu vinapinda. Mke wangu alikitilia shaka kwa harufu. Akaweka kijiko kimoja kwenye siki. Kalsiamu kaboneti ingetoa povu, hiki kikakaa kimya. Akakoroga kingine kwenye maji yanayochemka, kikawa uji. Walahi, uji wa ngano.

Ambaye unga unamchanganya, atafute funza wa BSF (black soldier fly, aina ya nzi mweusi), wale wale wafugaji wa kuku kwetu wanaowazalisha kwa mabaki ya chakula. Kalsiamu wanayo wenyewe. Mimi sasa nachanganya hao na nyenje, na nyenje nawalisha sukumawiki na karoti siku moja kabla.

Nilipomtumia yule bwana picha za kimulimuli na karai, jibu lilikuwa: "Kaka, mijusi porini inakula kila kitu." Nikadai pesa, akaniambia nisubiri Ijumaa. Ijumaa nikakuta nimefungiwa. Benki ikanijibu kwamba nilituma kwa hiari yangu.

Mkitaka kununua kwa mtu yeyote, mwombeni video ya leo, mjusi akiwa juu ya rula na wadudu wakiwa pembeni ya sarafu. Huyu niliwahi kumwomba akasema simu imeharibika kamera, na bado picha mpya za bidhaa zilikuwa zinapanda kila siku.

Jina limeshabadilika mara mbili, ila tangazo halijabadilika: beseni la bluu, mjusi mkubwa wa rangi ya chungwa ambaye hamtatumiwa kamwe, na maneno "chakula cha mwezi mzima ndani". Nililiona tena juzi Jumamosi. Bei imeshuka hadi dola 110.